Kimeng'enya cha Maji ya Moto: Historia ya Kutengwa kwa Polimeresi ya Taq na Kusomwa kwa Jeni Yake

Makala haya yakusudia kueleza habari za kimeng'enya kimoja kitokacho katika bakteria wa chemchemi za maji ya moto: jinsi kilivyotafutwa, jinsi kilivyotengwa na vitu vingine hata kikabaki peke yake, na jinsi herufi za jeni yake zilivyosomwa. Kimeng'enya chenyewe huitwa polimeresi ya Taq, na jina hilo limekatwa kutoka katika jina la bakteria mwenyewe, Thermus aquaticus.

Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza habari hizi zamhusu nini. Zamhusu kwa sababu iliyo wazi. Ugomvi uliozuka baadaye juu ya kimeng'enya hiki, ukafika mahakamani na kukaa huko zaidi ya miaka kumi, ulikuwa kwa sehemu kubwa ugomvi wa maana za maneno. Ni lini tuseme kwamba kitu kimesafishwa? Vitu viwili vilivyopatikana na watu wawili katika miji miwili, vikapewa jina moja, ni lini tuseme kwamba ni kitu kile kile? Maswali ya namna hiyo ni ya mwanalugha kama yalivyo ya mwanakemia, na majibu yake yaliamua nani apewe sifa na nani apewe mali.

Asili ya neno

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Wazungu walilichukua neno lao kutoka Kiyunani katika miaka ya 1870, na Mjerumani Wilhelm Kühne ndiye aliyelitunga; maana yake ni kitu kilichomo ndani ya hamira. Wakati ule ilijulikana kwamba hamira huumua unga na kugeuza sukari kuwa kileo, lakini haikujulikana kama kazi hiyo hufanywa na hamira iliyo hai au na kitu fulani kilichomo ndani yake. Mwaka 1897 Eduard Buchner aliisaga hamira hata chembe zake zikavunjika, akakamua maji yake, na maji yale yasiyo na uhai yakaendelea kuchachua sukari. Mwaka 1926 Mmarekani James Sumner akapiga hatua nyingine: alikitenga kimeng'enya kimoja kutoka katika maharage fulani hata kikaganda kama fuwele za chumvi, akaonyesha kuwa ni protini. Wengi hawakumwamini mwanzoni, na tuzo ya Nobel hakuipata ila mwaka 1946.

Ama katika Kiswahili, istilahi ya kimeng'enya imejengwa juu ya kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja, kama vile chakula kivunjwavyo tumboni. Kwa vimeng'enya vya mate na vya tumbo neno hili ni sawa kabisa. Lakini kimeng'enya tunachokizungumzia hapa hakivunji: hujenga. Huchukua vipande vidogo na kuviunganisha kimoja baada ya kingine hata vikawa uzi mrefu wa DNA. Kwa hiyo tunacho kimeng'enya kisichomeng'enya. Hapana ubaya katika jambo hilo, maana neno likishakubaliwa hupata maana pana kuliko shina lake. Neno la Kiyunani nalo halimzuii mtu kulitumia kwa kitu kisichohusiana na hamira. Ila mwalimu hana budi kumwonya mwanafunzi asije akadhani kwamba shina la neno ndiyo ufafanuzi wake.

Bakteria wa Yellowstone

Hifadhi ya Yellowstone iliyoko Marekani ilianzishwa mwaka 1872, nayo yajulikana kwa chemchemi zake zitokotazo. Thomas Brock, mtaalamu wa viumbe vidogo wa Chuo Kikuu cha Indiana, alifika huko mara ya kwanza mwaka 1964. Hakuwa akitafuta dawa wala kitu cha kuuza. Alitaka kujua ni viumbe gani waishio katika maji ya moto, na wawezaje kuishi humo.

Mwaka 1966 yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua sampuli katika chemchemi iitwayo Mushroom Spring, na kutoka humo wakamwotesha bakteria ambaye hakuwa amepata kuelezwa. Sababu ya wenzao waliotangulia kutomwona ni nyepesi: walizoea kuwatafuta bakteria wa joto kwa kuwaotesha penye digrii 55 hivi, na kwa joto hilo bakteria wa namna nyingine humshinda. Brock na Freeze walipandisha joto hata digrii 70 au 75, wakapunguza chakula, naye akaota. Katika makala yao ya mwaka 1969 walieleza kwamba rangi yake ni ya manjano. Kwamba hustawi zaidi penye digrii 70. Kwamba haoti juu ya digrii 79 wala chini ya digrii 40 hivi. Waligundua pia kuwa huishi katika mabomba ya maji ya moto majumbani, mbali na chemchemi yoyote.

Mwaka uliofuata walichapisha uchunguzi wa kimeng'enya kimoja cha bakteria huyo, wakaonyesha kuwa kinastahimili joto ambalo lingekiharibu kimeng'enya cha kawaida mara moja. Protini nyingi zikipata moto huvurugika umbo, kama ute wa yai unavyoganda katika sufuria, na zikishaganda hazirudi tena. Protini za bakteria huyu hazikuganda. Basi kila aliyesoma makala hiyo aliweza kujua kwamba vimeng'enya vyake vyote, na si hicho kimoja tu, lazima viwe na tabia hiyo. La sivyo asingeishi. Brock aliweka mbegu ya bakteria huyo katika hazina ya Marekani ya viumbe vidogo, ili mchunguzi yeyote aweze kuiagiza. Tendo hilo la kawaida ndilo lililofanya yote yaliyofuata yawezekane.

Kazi ya Cincinnati na ya Moscow

Kimeng'enya kinachojenga DNA kilikwisha kujulikana kwa bakteria mwingine, Escherichia coli, akaaye matumboni mwa watu. Arthur Kornberg na wenzake walikipata mjini St. Louis mwaka 1956, na Kornberg akashiriki tuzo ya Nobel mwaka 1959. Katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Alice Chien, David Edgar na John Trela walijiuliza: je, kimeng'enya cha kazi hiyo katika Thermus aquaticus kikoje?

Msomaji asiyezoea maabara yafaa aelezwe kazi ya namna hii huendaje. Bakteria mmoja ana protini za aina nyingi, nazo zimechanganyika ndani yake. Mchunguzi huotesha bakteria wengi, akawapasua, akatoa maji yao yenye mchanganyiko huo. Kisha huyapitisha maji hayo katika safu ya punje laini zenye tabia fulani: protini nyingine hunata na nyingine hupita. Kila tone litokalo hupimwa kama lina uwezo wa kujenga DNA. Lenye uwezo hutunzwa, lisilo nao humwagwa. Halafu huja safu ya pili yenye tabia nyingine, na ya tatu, na kila mara vitu visivyotakiwa hupungua. Hana jicho la kukionea kimeng'enya chenyewe; hukifuata kwa kazi yake tu, kama mtu afuataye mnyama kwa nyayo.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1976. Kimeng'enya chao kilifanya kazi vizuri zaidi penye digrii 80. Kilihitaji magnesi, au kwa kiasi kidogo manganisi. Hakikuwa na uwezo wa kulikata DNA, jambo lililoonyesha kwamba vimeng'enya vya kukata vilikwisha kuondolewa. Uzito wake walioukadiria kwa njia mbili, yaani kwa kukizungusha kwa kasi katika maji ya sukari yaliyopangwa kwa matabaka, na kwa kukipitisha katika safu ya punje zenye vitundu, ulikuwa baina ya 63,000 na 68,000, kwa kipimo ambacho haidrojeni ni 1. Mwaka 1980 A. S. Kaledin na wenzake wa Moscow walichapisha kazi yao juu ya bakteria huyo huyo, nao wakapata uzito wa karibu 62,000. Msomaji na azikumbuke hesabu hizi.

Wakati ule hapakuwa na mtu aliyekihitaji kimeng'enya hicho kwa kazi yoyote. Makala zilisomwa na wachache, zikawekwa.

Haja iliyotokea

Mwaka 1983 Kary Mullis, mwanakemia wa kampuni ya Cetus huko California, alibuni njia ya kuzidisha kipande cha DNA. DNA ni nyuzi mbili zilizokumbatiana. Ukizipasha moto karibu digrii 95 huachana. Ukizipoza, vipande vifupi vilivyotengenezwa makusudi hunata katika mwanzo wa sehemu itakiwayo. Na polimeresi hujenga uzi mpya kuanzia hapo. Nyuzi mbili zawa nne, nne zawa nane. Ukirudia mara 30, hesabu ya kinadharia yapita bilioni moja.

Njia hii ilitangazwa mwaka 1985 katika uchunguzi wa maradhi ya selimundu, maradhi ambayo watu wa Afrika ya Mashariki wayajua vizuri mno. Lakini ilikuwa na kasoro kubwa. Polimeresi iliyotumika ilikuwa ya Escherichia coli, tena kipande chake tu, kile kilichoelezwa na Hans Klenow wa Copenhagen mwaka 1970. Kila mara chombo kilipopashwa moto ili nyuzi ziachane, kimeng'enya nacho kiliharibika, na mtu alilazimika kufungua chombo na kutia kingine. Mizunguko 30, mara 30 kutia.

Hapo ndipo makala ya Cincinnati ilipokumbukwa. Katika kampuni hiyo hiyo David Gelfand na Susanne Stoffel walianza kukitenga kimeng'enya cha Thermus aquaticus upya, na mwaka 1986 kilijaribiwa katika njia ya Mullis. Kilifaa mara ya kwanza. Kwa digrii 95 kimeng'enya hicho hubaki na nusu ya nguvu zake hata baada ya dakika 40 hivi, nacho hutiwa mara moja tu mwanzoni. Aidha, kwa kuwa kazi ya kujenga yaweza kufanywa penye joto la juu, vipande vifupi havinati ovyo mahali pasipo pake, na matokeo huwa safi zaidi. Makala ya Randall Saiki na wenzake ya Januari 1988 ilionyesha kuwa kipande cha DNA chaweza kuzidishwa hata mara milioni 10. Mullis alipata tuzo ya Nobel mwaka 1993, akishirikiana na Michael Smith aliyetuzwa kwa kazi nyingine.

Kusomwa kwa jeni

Kukitenga kimeng'enya kutoka kwa bakteria mwenyewe kulikuwa na taabu, maana kila bakteria anacho kidogo tu. Njia ya kukipata kwa wingi ni kuichukua jeni yake na kuitia katika Escherichia coli, ambaye huota upesi na kwa gharama ndogo. Lakini jeni hiyo ilikuwa moja kati ya nyingi, na mahali ilipo hapakujulikana.

Frances Lawyer, pamoja na Stoffel, Saiki, Gelfand na wenzao, walieleza mwaka 1989 jinsi walivyoitafuta. Kwanza walipata kingamwili zinazokishika kimeng'enya kilichokwisha kutengwa. Halafu waliikatakata DNA ya Thermus aquaticus, wakavitia vipande vyake katika virusi vinavyowaambukiza bakteria, kila kirusi na kipande chake. Mkusanyo wa namna hiyo huitwa maktaba, na jina lastahili: kila kirusi ni kama kitabu chenye ukurasa mmoja uliochanwa kutoka katika msahafu mkubwa. Waliivuvia maktaba hiyo kingamwili, wakatazama kirusi gani kilichotengeneza kitu ambacho kingamwili zakitambua. Kilipopatikana, walikitumia kipande chake cha DNA kutafuta vipande virefu zaidi katika maktaba ya pili, hata jeni nzima ikapatikana.

Hapa lazima tutue kidogo, kwa kuwa jambo hili ni muhimu kwa hoja yetu. Jeni haikupatikana kwa kusoma peke yake. Ilipatikana kwa kuwa kulikuwa na mtu aliyekwisha kukitenga kimeng'enya kwa mikono yake. Bila kimeng'enya safi hapangekuwa na kingamwili za kuaminika, na bila kingamwili hapangekuwa na wa kuitambua jeni katika ile maktaba. Kusoma kulisimama juu ya kutenga.

Baada ya kupatikana, jeni ilisomwa herufi kwa herufi. Sanaa ya kusoma hivyo ilikuwa imeendelea upesi. Frederick Sanger wa Cambridge alikuwa wa kwanza kusoma mfuatano kamili wa asidi amino katika protini, nayo ni insulini, na akatuzwa mwaka 1958. Kisha mwaka 1977 akatoa njia ya kusoma DNA, akatuzwa tena mwaka 1980. Jeni ya Taq ilionekana kuwa na jozi 2,499 za besi. Kila asidi amino moja huandikwa kwa herufi tatu, na herufi tatu za mwisho ni alama ya kukoma, kama nukta mwishoni mwa sentensi. Ukitoa hizo tatu hubaki 2,496, na ukigawanya kwa tatu wapata 832. Basi kimeng'enya kina asidi amino 832, na uzito wake ni karibu 94,000.

Mfuatano huo ulipolinganishwa na ule wa polimeresi ya Escherichia coli, yenye asidi amino 928, ambao Catherine Joyce na wenzake waliuchapisha mwaka 1982, mfanano ulikuwa mkubwa. Bakteria wa tumboni na bakteria wa chemchemi itokotayo walikuwa na nakala mbili za andiko moja la kale, kila moja ikiwa imebadilika kwa njia yake. Wachunguzi wa miswada ya tenzi zetu wailewa vema kazi ya kulinganisha nakala mbili na kutafuta palipohifadhiwa na palipobadilishwa.

Mfanano huo ulieleza pia kasoro ya kimeng'enya hiki. Polimeresi ya Escherichia coli ina sehemu inayorudi nyuma na kufuta herufi iliyokosewa. Katika Taq sehemu inayolingana nayo ipo, lakini imekwisha kupoteza nguvu hiyo. Mwaka 1988 Kenneth Tindall na Thomas Kunkel walipima, wakakuta kwamba hukosea herufi moja katika kila 9,000 hivi. Ni mnukuzi mwepesi asiyepitia alichoandika. Na kama ilivyo katika miswada, kosa likiingia mapema katika mizunguko, hurithiwa na nakala zote zitokazo katika nakala hiyo.

Hitilafu ya uzito

Sasa turudi kwenye zile hesabu. Watu wa Cincinnati walisema 63,000 hadi 68,000. Watu wa Moscow walisema 62,000. Jeni yasema 94,000. Tofauti hii ni kubwa mno kuwa kosa dogo la mizani. Je, walikuwa na kitu kingine?

Dalili moja ilipatikana katika kazi ile ile ya kampuni. Ikiwa asidi amino 289 za mwanzo zitaondolewa, kipande kinachobaki bado hujenga DNA na bado hustahimili joto. Uzito wa kipande hicho, kilichopewa jina la Stoffel, ni karibu 61,000. Twajua pia kwamba bakteria akipasuliwa, vimeng'enya vyake vya kukata protini huachiliwa pamoja na vingine, navyo huweza kuvikata vile vitafutwavyo. Basi yawezekana kabisa kwamba kitu kilichoshikwa katika Cincinnati na Moscow kilikuwa ni Taq iliyokatwa kichwa wakati wa kutengwa, kama vile kipande cha Klenow kilivyo Kornberg iliyokatwa kichwa. Ikiwa ni hivyo, hapana aliyekosea kupima: walipima sawasawa kitu kilichokuwa mbele yao. Walichokosa ni andiko la jeni la kuwaambia kwamba ukurasa wa kwanza umepotea.

Swali hili halikubaki la wanazuoni. Mwezi Desemba 1989 kampuni ya Cetus ilipewa hataza ya Marekani juu ya kimeng'enya kilichosafishwa, na uzito uliotajwa humo ulikuwa mkubwa kuliko ule wa makala za zamani. Mwaka 1991 haki za njia ya Mullis ziliuzwa kwa kampuni ya Hoffmann-La Roche kwa dola milioni 300. Mwaka uliofuata ugomvi baina ya mnunuzi huyo na kampuni ya Promega ulifikishwa mahakamani, na Promega ikajibu kwamba hataza haikustahili, kwa kuwa kimeng'enya kilikwisha kutengwa zamani. Mwaka 1999 hakimu wa California aliamua kwamba ofisi ya hataza ilipotoshwa wakati wa maombi, na kwa hiyo hataza haina nguvu. Mahakama ya rufani mwaka 2003 ilithibitisha sehemu ya hukumu, ikatengua sehemu, ikairudisha. Na mwaka 2004 hakimu yule yule akatoa tena uamuzi wa kuinyima hataza nguvu.

Sisi hatuna haja ya kuhukumu upya. Tutazame jambo moja tu. Pande zote mbili zilitumia neno kusafisha, na kila upande ulilitia maana yake. Kwa mmoja, kitu kimesafishwa ikiwa vile vinavyoharibu kazi yake vimeondolewa. Kwa mwingine, hakijasafishwa mpaka kionekane kuwa kimoja tena kizima. Neno halikuwa limefafanuliwa kabla ya mali kuja. Lilifafanuliwa baada ya mali kuja, na mawakili.

Haki ya chemchemi

Yellowstone haikupata malipo yoyote kutokana na kimeng'enya hicho, wala Brock mwenyewe, ambaye alifariki mwaka 2021. Yeye alimweka bakteria wake hadharani, na sheria ya wakati ule haikumtaka anayemchukua arudi kuuliza. Baadaye, mwaka 1997, hifadhi ilifanya mapatano na kampuni ya Diversa ya kugawana faida ya viumbe vitakavyochunguzwa.

Afrika ya Mashariki nayo haikukaa mbali na habari hizi. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya liko Ziwa Bogoria, lenye maji ya magadi na chemchemi zichemkazo kando yake, na viumbe vyake vidogo vimewavuta wachunguzi wa ng'ambo. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilidai hadharani kwamba vimeng'enya vyenye asili ya ziwa hilo vinatumika katika biashara za sabuni na nguo pasipo nchi kupata fungu lake. Mkataba wa Anuwai ya Viumbe wa mwaka 1992 ulikwisha kutamka kwamba nchi ina mamlaka juu ya mali ya namna hiyo, na Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, ilieleza utaratibu wa ruhusa na mgawo.

Lakini itifaki ni maneno, na ugumu wa Taq waweza kurudi. Ikiwa mtu atachukua si bakteria bali mfuatano wa herufi za jeni yake, ambao wasomwa mahali popote duniani, je, amechukua mali ya ziwa au amenukuu andiko? Na ikiwa kimeng'enya kinachouzwa kimetoka katika tangi la Escherichia coli aliyepandikizwa jeni hiyo, tutasema kimetoka wapi?

Neno la mwisho

Katika historia hii yote twaona kwamba kutenga na kusoma ni kazi mbili zinazohitajiana. Aliyetenga bila kusoma alishika kipande akadhani ni kizima. Aliyesoma asingepata cha kusoma bila ya aliyetenga. Na wote wawili walimtegemea mtu aliyekwenda kutazama maji ya moto kwa sababu ya kutaka kujua tu.

Kwa upande wa lugha, naona inafaa tuyagawe maneno yetu vizuri kabla hayajagawiwa na wengine. Kitenzi kusafisha chamaanisha kuondoa uchafu. Lakini protini nyingine za bakteria si uchafu, kila moja ina kazi yake. Kitenzi kutakasa kimezoea ibada. Kitenzi kutenga chaeleza tendo lenyewe: kukitoa kimoja kati ya wengi hata kikawa peke yake. Napendekeza basi kwamba kutenga kitumike kwa tendo, na usafi utajwe kwa kipimo chake, yaani kwamba kimetengwa kwa kiasi gani, kwa ushahidi gani, na kama ni kizima au ni kipande. Mwanafunzi wa Dodoma au wa Eldoret asomaye kwamba kimeng'enya fulani kimetengwa, naye akazoea kuuliza maswali hayo matatu, atakuwa amejifunza sayansi na sheria kwa neno moja. Tangu mwaka 2020 wengi wetu tumepimwa puani kwa njia iliyotokana na kimeng'enya hiki. Si vibaya tukiwa na lugha ya kusimulia kilikotoka.